Mabango ya filamu ya Ghana

Mabango ya filamu ya Ghana ni michoro mikubwa ya rangi za mafuta iliyochorwa kwa mkono juu ya vitambaa vya magunia ya unga kwa ajili ya kutangaza filamu zilizoonyeshwa kwa video nchini Ghana. Yalitengenezwa kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Mengi yalitangaza filamu za mapigano na za kutisha kutoka Marekani, filamu za kung fu kutoka Hong Kong, filamu za Kihindi, na baadaye filamu za Ghana yenyewe na za Nigeria.

Mabango haya yanajulikana kwa miili iliyojaa misuli, damu nyingi, silaha kubwa, nyoka, mafuvu na mazimwi. Mara nyingi yanaonyesha mambo ambayo hayamo kabisa katika filamu inayotangazwa. Yalichorwa kwa kusudi moja tu, yaani kumfanya mpita njia atoe fedha mfukoni na kuingia kutazama. Leo yanahifadhiwa na wakusanyaji na kuonyeshwa katika makumbusho ya nje ya Afrika. Mabadiliko hayo yameleta mjadala kuhusu malipo, majina na haki za wachoraji walioyatengeneza.

## Historia

### Kabla ya video

Sinema ya kutembea haikuanza Ghana pamoja na video. Wakati wa ukoloni, nchi ilipoitwa Gold Coast, serikali ilituma magari ya sinema vijijini kuonyesha habari na filamu za mafunzo. Mijini kulikuwa na majumba ya sinema yaliyoonyesha filamu za kigeni.

Desturi ya kutangaza burudani kwa mchoro ilitokana zaidi na michezo ya jukwaani iliyoitwa *concert party*. Makundi haya yalichanganya maigizo, vichekesho na muziki wa highlife, na yalisafiri kutoka mji hadi mji. Mbele ya ukumbi yalisimamisha mbao kubwa za plaiwudi zilizochorwa matukio makali ya mchezo wa usiku huo: mke mwovu, mzimu, mchawi, yatima anayelia. Mbao hizo ziliitwa "katuni". Mtazamaji alifahamu kwamba katuni inaahidi na mchezo unatimiza kadiri unavyoweza.

Pia kulikuwa na mafundi wa mabango ya biashara katika kila mji. Walichora vibao vya vinyozi vyenye mitindo ya nywele, vibao vya waganga, maduka na gereji, pamoja na maandishi ya kwenye malori na magari ya abiria. Video ilipoingia, mkono wa kuichorea matangazo ulikuwa tayari.

### Ujio wa video

Mfumo wa kaseti za VHS ulianza kuuzwa nchini Japani mwaka 1976 na kuenea duniani katika miaka iliyofuata. Kwa Ghana miaka hiyo ilikuwa migumu. Jerry Rawlings alitwaa madaraka tarehe 31 Desemba 1981. Mwaka 1983 nchi ilipata ukame, moto wa nyika na upungufu wa chakula, na mwaka huohuo Waghana wengi waliofukuzwa Nigeria walirudi nyumbani. Amri ya kutotoka nje usiku iliumiza biashara za usiku, yakiwemo majumba ya sinema na makundi ya maigizo.

Katika hali hiyo deki ya video ilikuwa chombo cha kufaa. Haikuhitaji jengo maalumu wala mtambo mkubwa wa kuonyeshea filamu. Mtu mwenye televisheni, deki na kaseti chache aliweza kufungua klabu ya video katika chumba au uani. Kaseti nyingi zilikuwa nakala zisizo na idhini ya wenye filamu.

Mwaka 1987 mwongozaji William Akuffo alitoa *Zinabu*, filamu ya Ghana iliyopigwa kwa kamera ya video. Inahesabiwa kuwa mwanzo wa tasnia ya filamu za video nchini humo. Nchini Nigeria, *Living in Bondage* ya mwaka 1992 ilifungua njia kwa tasnia ambayo baadaye iliitwa Nollywood. Filamu za nchi hizo mbili ziliongeza kazi kwa wachoraji wa mabango.

### Sinema ya kutembea

Vijiji vingi havikuwa na umeme, hivyo waendeshaji wa video walisafiri. Mwendeshaji alibeba televisheni, deki, kaseti na jenereta ndogo, akapanda lori au trotro, yaani basi dogo la abiria linalofanana na daladala ya Tanzania au matatu ya Kenya. Alipofika alitafuta uwanja, darasa au ua wenye ukuta, ili asiyelipa asione.

Bango lilisafiri pamoja naye likiwa limekunjwa kama mkeka. Lilitundikwa mchana ukutani, mtini au kando ya barabara ili watu walione kabla ya jioni. Baada ya onyesho lilikunjwa tena na kupelekwa mji mwingine pamoja na kaseti yake. Kwa sababu hiyo ilikuwa lazima liwe la kitambaa, maana karatasi isingestahimili safari, mvua na jua. Mabango yaliyobaki hadi leo yana mikunjo, mabaka ya maji, matundu ya misumari na rangi iliyopasuka.

### Kushuka

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mahitaji yalipungua. Watu wengi zaidi walipata televisheni na deki nyumbani. Vituo binafsi vya televisheni vilianza kurusha matangazo, vikiwemo TV3 na Metro TV mwaka 1997. Mabango ya karatasi yaliyochapwa mashineni yakawa rahisi kupatikana, na watengenezaji wa filamu wa Ghana na Nigeria waliweza kuchapisha mengi ya filamu moja kwa wakati mmoja. Baadaye zilikuja diski za VCD na DVD. Mchoraji aliyefanya bango moja kwa siku kadhaa hakuweza kushindana na mashine. Wengi walirudi kwenye kuchora vibao vya maduka, picha za watu na maandishi ya magari.

## Utengenezaji

### Kitambaa na rangi

Turubai la wachoraji lilikuwa ghali, hivyo walitumia magunia ya pamba yaliyokuwa yamebeba unga wa ngano. Gunia lilifumuliwa na kufunguliwa, kisha mawili yalishonwa pamoja ili kupata kitambaa kimoja kikubwa. Mshono wa katikati huonekana katika mabango mengi, na wakati mwingine unapita juu ya uso wa mhusika mkuu. Kwa kawaida bango lina upana wa takriban mita 1 na urefu wa mita 1.5 au zaidi.

Kitambaa kilipakwa kwanza rangi ya chini ili kuziba vitundu na kuzuia rangi isinyonywe. Baada ya kukauka, fundi alichora mistari ya umbo, akajaza maeneo makubwa ya rangi, na mwisho akaweka vivuli, mng'ao wa jasho na damu. Maandishi yalikuja mwishoni: jina la filamu, majina ya waigizaji, na mara nyingine jina la klabu ya video iliyoagiza bango. Jina la filamu liliandikwa kama fundi alivyolisoma au kulisikia, ndiyo maana tahajia hutofautiana kati ya bango na bango.

### Kuchora bila kutazama

Mara nyingi mchoraji hakupata nafasi ya kuiona filamu nzima. Alipewa jalada la kaseti, au picha ndogo, au alisimuliwa hadithi na mwenye klabu. Wengine walitazama kaseti na kuchagua matukio. Kutokana na kianzio hicho kidogo, fundi alilazimika kupata mchoro wenye ukubwa wa mlango.

Jalada la kaseti lina upana wa kiganja, hivyo kulinakili tu kusingetosha. Mchoraji alikuza sura, akabuni sehemu ambazo jalada halikuzionyesha, na akaongeza vitu alivyojua watu wa mji huo wanavipenda au wanaviogopa. Filamu ambayo ndani yake mtu mmoja anapigwa risasi ingeweza kutangazwa kwa kichwa kilichokatwa, nyoka mwenye meno na helikopta inayowaka.

Aliyeagiza bango hakulalamika, kwa sababu kipimo chake kilikuwa idadi ya watu waliolipa. Klabu mbili za mtaa mmoja zilipokuwa na filamu ileile, bango ndilo lililoamua watu waende wapi. Jambo hili liliwasukuma wachoraji kuzidiana kwa ukali wa picha.

### Karakana na wanagenzi

Wachoraji wengi walijifunza kazi kwa uanagenzi. Kijana aliingia katika karakana ya fundi, akaanza kwa kusafisha brashi, kupaka rangi ya chini na kujaza herufi, kisha akapewa mikono, nguo na mandhari. Uso wa nyota wa filamu ulikuwa kazi ya fundi mwenyewe, maana uso usiofanana ulipunguza wateja.

Mafundi walitumia majina ya kazi, nayo yaliandikwa kwenye kona ya bango, wakati mwingine pamoja na mji. Sahihi hiyo ilikuwa tangazo ndani ya tangazo: mwenye klabu nyingine akilipenda bango, alijua pa kumtafuta mchoraji.

## Mtindo

### Mpangilio

Mabango mengi yana kichwa au mwili mkubwa wa mhusika mkuu katikati au juu. Katika usemi wa watazamaji wa Kiswahili huyu ndiye *stelingi*. Kumzunguka kuna matukio madogo: mlipuko, gari linaloruka, mwanamke anayekimbia, adui anayeanguka. Matukio hayo hayafuati mfuatano wa hadithi bali yote yanatokea mara moja. Mtazamaji anayepita kwa mguu au kwa gari anaona ndani ya sekunde chache kwamba kuna shujaa, kuna adui na kuna hatari.

Rangi ni kali na hazichanganywi sana. Anga huwa jekundu, njano au bluu iliyoiva, na mwili wa stelingi hutenganishwa nayo kwa mstari au kivuli kizito. Mbinu hii ilitokana na mahitaji ya kazi, kwani bango lilipaswa kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara na kustahimili jua lililofifisha rangi mwezi baada ya mwezi.

### Miili

Nyota waliochorwa zaidi katika filamu za mapigano ni wale waliotawala kaseti za miaka ya 1980 na 1990: Arnold Schwarzenegger, Sylvester Stallone, Jean-Claude Van Damme, Chuck Norris, Bruce Lee na Jackie Chan. Misuli yao inapita kiasi cha binadamu. Mishipa imejitokeza kama kamba, vifua vina mafungu ya nyama ambayo mwili wa kweli hauna, na mkono unaweza kuwa mnene kuliko paja.

Si rahisi kuamua ni wapi upungufu wa picha ya kuigia ulimfanya fundi abuni, na ni wapi alizidisha kwa makusudi. Mabango ya fundi mmoja yakiwekwa pamoja huonyesha kwamba alikuwa na njia yake thabiti ya kuchora bega, jicho au ngumi, naye aliirudia katika kila kazi. Huo ni mtindo wa kibinafsi, na wakusanyaji wenye uzoefu humtambua mchoraji hata pasipo sahihi.

### Vitisho na imani

Mabango ya filamu za Ghana na Nigeria yana msamiati wao: mchawi anayeruka usiku, mchungaji mwenye Biblia, utajiri wa damu, nyoka anayeleta fedha, mtu mwenye kichwa cha mnyama. Picha hizo zilitoka katika hadithi za filamu zenyewe, kama mfululizo wa *Diabolo* wa William Akuffo unaohusu mwanamume anayegeuka nyoka.

Msamiati huohuo ulihamia kwenye mabango ya filamu za kigeni. Askari wa Marekani anaweza kuzungukwa na mafuvu na mazimwi ambayo mtengenezaji wa filamu hakuyawaza. Kwa mtazamaji wa Ghana jambo hilo lilimweleza kwa lugha anayoijua kwamba adui wa filamu hii ni mwovu kwelikweli.

## Uhusiano na sanaa ya vitabu vya katuni

Watazamaji wengi husema mabango ya Ghana yanafanana na majalada ya vitabu vya katuni vya Marekani. Ufanano huo una sababu zinazoonekana.

Sababu ya kwanza ni kazi yenyewe. Jalada la kitabu cha katuni na bango la filamu vyote ni picha moja inayouza hadithi ambayo mnunuzi hajaiona. Toleo la kwanza la *Action Comics*, la Juni 1938, lilimwonyesha Superman akiinua gari juu ya kichwa chake huku watu wakikimbia. Jalada hilo lililochorwa na Joe Shuster lina karibu kila kitu kinachopatikana katika bango la Ghana: mwili wenye nguvu katikati, chombo kikubwa kinachovunjika, na mtu mwenye hofu mbele kabisa. Jack Kirby, aliyechora *Captain America* mwaka 1941 na *Fantastic Four* kuanzia 1961, alikuza ngumi inayomjia msomaji hadi ikawa kubwa kuliko kichwa cha mwenye kuirusha. Mafundi wa Accra walitumia mbinu hiyohiyo ya kukuza kilicho karibu ili picha itoke nje ya ukuta.

Sababu ya pili ni njia iliyopitwa na picha. Majalada mengi ya kaseti za miaka ya 1980 yalitokana na mabango yaliyochorwa kwa mkono huko Marekani na Ulaya. Bango la *First Blood* ya mwaka 1982, filamu ya kwanza ya Rambo, lilichorwa na Drew Struzan. Mwitalia Renato Casaro alichora bango la *Conan the Barbarian* ya mwaka huohuo. Kabla yao Frank Frazetta alikuwa amechora majalada ya vitabu vya Conan kuanzia mwaka 1966. Frazetta alianza katika vitabu vya katuni, na mashujaa wake wenye misuli, wakisimama juu ya rundo la maadui, waliigwa na wachoraji wengi wa mabango. Mchoraji wa Ghana alipopokea jalada la kaseti, mara nyingi alipokea mchoro wa mchoraji mwenzake uliokuwa na asili ya katuni ndani yake.

Pande zote mbili zilipatwa pia na jambo moja. Kuanzia miaka ya 1990 kampuni za filamu za Marekani zilizidi kutumia picha za kamera zilizounganishwa kwa kompyuta badala ya wachoraji. Drew Struzan alitangaza kustaafu mwaka 2008. Hivyo bango la kuchorwa lilipungua Hollywood na Accra katika kipindi kimoja, ingawa sababu zilikuwa tofauti.

## Wachoraji

Vituo vikuu vya kazi hii vilikuwa Accra na vitongoji vyake, pamoja na Kumasi. Miongoni mwa wachoraji wanaojulikana ni:

* Joe Mensah, mmoja wa wachoraji wa kizazi cha kwanza cha mabango ya video.
* Leonardo.
* D. A. Jasper, aliyefanya kazi katika miaka ya video za kutembea na kuendelea kuchora baada ya soko la ndani kwisha.
* Heavy J., Stoger, Salvation na Farkira, ambao kazi zao mpya zimesambaa kwa wakusanyaji wa nje.
* Kwame Akoto, wa Kumasi, anayejulikana kwa jina la karakana yake, Almighty God. Yeye ni maarufu zaidi kwa vibao na michoro yenye ujumbe wa dini. Kazi yake inaonyesha jinsi uchoraji wa mabango ya filamu ulivyokuwa tawi la ufundi mpana wa vibao.

Majina mengi mengine yamebaki kwenye kona za vitambaa tu, bila habari za maisha ya wenyewe.

## Kutoka mtaani hadi makumbusho

Katika miaka ya 1990, mabango yalipoanza kutupwa au kutumiwa kufunikia vitu, wafanyabiashara na wakusanyaji wa kigeni walianza kuyanunua. Ernie Wolfe III, mwenye jumba la sanaa Los Angeles, alikusanya mengi na kuchapisha kitabu *Extreme Canvas* mwaka 2000. Kitabu cha pili kilifuata mwaka 2012. Vitabu hivyo viliyafanya mabango yajulikane duniani na kuyapa bei.

Mwaka 2019 Poster House, jumba la makumbusho ya mabango jijini New York, lilifungua maonyesho yaliyoitwa *Baptized by Beefcake* kuhusu kipindi cha dhahabu cha mabango ya Ghana. Jijini Chicago, jumba la sanaa la Deadly Prey, lililochukua jina la filamu ya mapigano ya mwaka 1987, linafanya kazi na wachoraji wa Ghana. Pamoja na kuuza mabango ya zamani, linaagiza mapya, yakiwemo ya filamu ambazo hazikuwahi kuonyeshwa katika sinema za kutembea. Wateja kutoka nchi mbalimbali huchagua filamu waipendayo, na mchoraji wa Accra huichora juu ya gunia la unga kama zamani.

## Mjadala

### Nani anafaidika

Bango lililochorwa kwa ajili ya klabu ya video lililipwa mara moja, nalo likawa mali ya mwenye klabu. Miaka mingi baadaye baadhi ya mabango hayo yameuzwa kwa maelfu ya dola. Fedha hizo zinakwenda kwa aliyelimiliki bango wakati wa mauzo, si kwa aliyelichora.

Hali hii haikuwapata Waghana peke yao. Jerry Siegel na Joe Shuster walimuuza Superman kwa dola 130 mwaka 1938 na wakapigania haki zao kwa miongo kadhaa. Mwaka 1975 kampuni iliyomiliki haki ilikubali kuwalipa malipo ya kila mwaka na kurudisha majina yao kwenye hadithi. Jack Kirby naye alidai kwa miaka mingi arudishiwe kurasa zake za asili, akarudishiwa sehemu yake tu mwaka 1987. Tofauti ni kwamba wachoraji hao walikuwa na kampuni ya kuidai na vyama vya wenzao vya kuwasemea. Mchoraji wa Accra aliuza kwa mwenye klabu ambaye mara nyingi hata kaseti yake haikuwa halali.

Maagizo mapya yamebadilisha sehemu ya hali hiyo, kwa kuwa mchoraji aliye hai analipwa kwa kazi mpya na jina lake linatajwa. Hata hivyo mnunuzi sasa ni wa mbali, na anajua anachokitaka kabla bango halijachorwa.

### Kucheka au kusifu

Sehemu ya umaarufu wa mabango haya nje ya Afrika ilitokana na kicheko. Yalisambazwa kama mifano ya picha "mbaya" zilizokosea sura na hadithi. Wanaopinga mtazamo huo wanaeleza kwamba mchoraji hakuwa akijaribu kunakili bango la Hollywood akashindwa. Alikuwa akitengeneza tangazo la mji wake, kwa hadhira iliyojua kusoma alama zake, na kazi yake ilipimwa kila jioni kwa fedha za mlangoni. Kipimo hicho ni kigumu kuliko vingi vinavyotumika katika majumba ya sanaa.

### Yaliyotumika na ya kuuzia watalii

Thamani ya mabango ya zamani imesababisha kuchorwa kwa nakala zinazochakazwa makusudi ili zionekane zilitumika. Wataalamu hutazama mikunjo, alama za misumari, aina ya gunia na jina la klabu ili kutofautisha. Wengine wanasema tofauti hiyo ina maana kwa mkusanyaji kuliko kwa mchoraji, kwani mkono ni uleule na ufundi ni uleule. Upande wa pili unajibu kwamba bango lililotumika ni ushahidi wa historia: linaonyesha filamu ipi ilifika wapi na kilichowavuta watu wa wakati huo.

## Kwingineko Afrika

Biashara ya video iliyozaa mabango ya Ghana ilikuwepo pia Afrika Mashariki, lakini ilichukua sura nyingine. Nchini Tanzania, Kenya na Uganda filamu za mapigano zilionyeshwa katika vibanda vya video. Hapo ubunifu mkubwa ulikuwa wa sauti: watafsiri walisimulia filamu papo hapo kwa lugha ya watazamaji, wakiongeza utani na maelezo yao. Katika Tanzania mmoja wa waanzilishi wa kazi hiyo alijulikana kwa jina la Lufufu. Mtafsiri wa kibanda na mchoraji wa Ghana walifanya jambo linalofanana. Wote wawili walipokea filamu ya kigeni na kuikabidhi kwa watu wao ikiwa imebadilika. Nchini Kenya, nyuso za nyota wa filamu na muziki zimechorwa kwa wingi kwenye matatu.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuna mifano iliyo karibu zaidi na uchoraji wenyewe. Chéri Samba wa Kinshasa alianza kama mchoraji wa vibao na hadithi za katuni, kisha akaingiza maandishi na vipuli vya maneno katika michoro yake mikubwa. Tshibumba Kanda Matulu, aliyefanya kazi Lubumbashi katika miaka ya 1970, alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, kama walivyofanya baadaye wachoraji wa Accra. Mfululizo wake wa picha takriban 100 kuhusu historia ya Zaire aliueleza kwa Kiswahili cha Shaba katika mazungumzo na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeyachapisha mwaka 1996. Kwa sababu mazungumzo hayo yaliandikwa, maneno ya Tshibumba kuhusu kazi yake yanasomeka hadi leo. Wachoraji wengi wa mabango ya Ghana hawakupata nafasi hiyo, na waliobaki hai ndio chanzo kikuu cha historia ya ufundi huu.

## Tazama pia

* Bango
* Katuni
* Nollywood
* Sinema ya Ghana
* Tingatinga